UZI: Kuchora mbwa wa watu kwa oda, niliyojifunza kwa miaka saba

BrashiMkononi (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu wanaochora vizuri na wanatamani mkono wao uwalishe. Swali ni lile lile: mtu anaishi vipi kwa kuchora mbwa wa watu? Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, kwa hiyo nimefungua uzi nimwage ninayoyajua, na wenye uzoefu waongezee. Huu ni mwaka wangu wa saba na sina ajira nyingine.

Nianze na kosa, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Mwaka wa kwanza alinijia mama mmoja mtu mzima na picha tatu za mbwa wake aliyekufa miezi miwili nyuma. Mbwa mzee, mdomo umeingia mvi hadi karibu na macho, sikio la kushoto limekunjika ncha na la kulia limesimama. Mimi nikaona nimpendezeshe. Nikanyoosha sikio, nikapunguza mvi, nikang'arisha macho. Kiufundi ilikuwa picha bora kuliko zote nilizokuwa nimechora hadi siku ile. Alipoifunua aliitazama kimya. Kisha akainua kidole, akakipitisha juu ya lile sikio bila kugusa rangi, akirudia rudia pale ambapo mkunjo ulipaswa kuwa. Akasema, "Ni mzuri sana, mwanangu. Ila si yeye. Sikio hili ndilo nililokuwa nikilishika jioni."

Nilimchora upya bila kudai kitu. Nikajua kuanzia hapo kwamba mteja anakuja akiwa na mbwa mmoja tu kichwani, anamfahamu kwa viganja vyake, na mimi natakiwa nimfikie huyo huyo.

Ndiyo maana nasema, na hili mlibebe hata kama mengine hamtayasoma: oda inafaulu au inaharibika kabla hujafungua tyubu ya rangi. Inaamuliwa kwenye picha unazoletewa na maswali unayouliza. Nimeona wachoraji wenye mkono mzuri kuliko wangu wakikwama hapo hapo.

Kuhusu picha. Karibu kila mteja mpya ataleta picha aliyoipiga akiwa amesimama, simu ikiwa karibu na uso wa mbwa. Picha ya namna hiyo pua imevimba, paji limekuwa dogo, masikio yamekimbilia nyuma. Ukiifuata kama ilivyo, unachora umbali wa simu, mbwa humpati. Mwombe arudi nyuma hatua mbili au tatu, akae au alale chini hadi kamera iwe usawa wa macho ya mbwa, na aivute picha kwa lenzi ya mbali kama simu anayo. Mwanga utoke upande mmoja, mlangoni au dirishani. Flashi marufuku. Nyuma ya jicho la mbwa kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndilo linalofanya macho yake yawake kijani au manjano gizani, na flashi ikilipiga huoni tena rangi ya jicho wala mboni ilipoishia.

Mwambie pia azitume kama faili, maana programu nyingi za ujumbe hubana picha njiani. Manyoya yanafika yakiwa uji.

Mimi siombi picha moja nzuri. Naomba zote alizonazo, hata zenye ukungu. Moja nitaichukua kwa mkao, nyingine kwa rangi, nyingine kwa sababu inaonyesha baka la kifuani lilivyokaa. Za video ndizo tamu kuliko zote, kwa sababu unamwona anavyobeba kichwa.

Na maswali. Ninayo kama kumi, lakini moja linazaa kuliko mengine yote: *akisikia mtu wa nyumbani anafungua mlango, masikio yake yanakaaje?* Mtu anayejibu hilo huacha kuandika kama mteja. Ataandika aya nzima. Humo ndimo utaambiwa kwamba huinamisha kichwa kulia, kwamba jicho moja hufumba kidogo, kwamba ukanda wa shingo ulikuwa wa bluu lakini miaka ya mwisho hakuvaa kwa sababu ya kidonda. Kama ukanda hakuuvaa, usiuchore.

Nitarudi kwenye vifaa, bei na mengine. Ulizeni.

KanvasiTupu #2

Mkuu, hiyo ya sikio imenigusa. Mimi nina kipaji cha penseli, ila wateja wanataka rangi. Nianze na rangi za mafuta au akriliki? Na mbwa mweusi ananishinda kabisa, kila nikimchora anatoka kama shimo.

BrashiMkononi #3

Ndugu KanvasiTupu, swali zuri, nitalikalia.

Akriliki inakauka kwa maji kuyeyukia hewani, ni suala la dakika. Unaweza kupiga tabaka tano siku moja na kutuma wiki hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba manyoya laini ya shingoni yanataka rangi mbili ziyeyukiane zikiwa mbichi, na akriliki haikusubiri. Rangi za mafuta zinakusubiri, kwa sababu hazikauki kwa kuyeyuka. Mafuta ya kitani yanashikana na oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu, taratibu. Tabaka jembamba huacha kunata baada ya siku kadhaa, nene huchukua wiki, na vanishi ya mwisho kwa desturi hungojwa miezi sita hadi kumi na miwili. Mteja ayajue haya kabla hajalipa. Anayetaka zawadi ya wiki ijayo mwambie ukweli, au umpe akriliki.

Kama unatoka kwenye penseli, ushauri wangu ni upitie pasteli (chaki za rangi) au penseli za rangi kwanza. Mkono wako unazijua tayari, na manyoya yanatoka vizuri ajabu. Ila pasteli lazima ikae nyuma ya kioo, na kioo kisiguse karatasi, kwa hiyo fremu ihesabiwe kwenye gharama.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni rangi kupauka. Mtu anatundika picha ya mbwa aliyekufa ukutani, jua linaingia kila asubuhi, baada ya miaka kadhaa ule wekundu wa ulimi umekwisha. Tyubu nzuri zimeandikwa kiwango cha kuhimili mwanga. Kwa vipimo vya ASTM, shirika la viwango la Marekani, I ni bora na II inafaa, chini ya hapo mimi sigusi kwa kazi ya mtu. Alizarini ile nyekundu ya zamani ni nzuri kwa macho lakini hupauka, na zipo za kisasa zilizotengenezwa kushika nafasi yake. Soma namba ya pigmenti, yaani unga unaoipa rangi rangi yake, jina la rangi hubadilika kwa kila mtengenezaji.

Sasa mbwa mweusi. Tyubu nyeusi iweke kando. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia ya amba iliyochomwa. Unapata weusi mzito unaoweza kuuvuta upande wa ubaridi au wa joto upendavyo. Mbwa mweusi akiwa karibu na dirisha, manyoya yanayotazama mbinguni yanachukua ubluu wa anga, na yale yanayotazama sakafu ya mbao yanachukua joto la sakafu. Chora huo ubluu na hilo joto. Weusi wenyewe utajikuta uko mahali pachache tu: ndani ya sikio, chini ya taya, kwenye tundu za pua. Ndipo lile shimo lako linapokuwa na mgongo na mabega.

Na manyoya usiyahesabu. Anza na vipande vikubwa vya kiza na mwanga, ukiangalia manyoya yanalala kuelekea wapi. Puani yanaanza mafupi yakirudi nyuma, kwenye paji yanagawanyika, shavuni yanazunguka. Ukikosea mwelekeo, hata ukichora nywele elfu atabaki kuwa mdoli. Nywele moja moja weka mwishoni, pembezoni, pale mwanga unapokata umbo.

Jicho mimi nalichora mapema, kinyume na wanaoliacha mwisho. Mboni ya mbwa ni duara. Kope ya juu inaangusha kivuli juu ya jicho, kwa hiyo sehemu ya juu ya ile kahawia ni ya giza kuliko ya chini. Kidoa cheupe kikae upande unakotoka mwanga. Halafu, na hapa ndipo jicho linapopata uhai, upande ulio mkabala na kidoa hicho ile kahawia inang'aa kwa ndani, kwa sababu mwanga umepita umefika huko. Weka rangi ya asali hapo, kidogo sana, kwa brashi namba sifuri. Siku nyingine nakaa na jicho moja saa mbili. Likishanitazama, mwili mzima uliobaki unakuwa rahisi.

Penseli_HB #4

Nondo hizi, mkuu. Nimevuta kiti. Tuambie bei unaipangaje, maana hapo ndipo wengi tunapofia. Mimi hutaja bei huku natetemeka, halafu mteja akinyamaza dakika moja tu naanza kujipunguzia mwenyewe.

BrashiMkononi #5

Mkuu, nakuelewa kabisa, nilikuwa hivyo hivyo.

Kilichoniponya ni daftari. Mwaka wa pili niliamua kuandika kila saa, na sikuandika za kuchora peke yake. Picha ya sentimita 30 kwa 40, kichwa na mabega, ilinichukua saa kumi na nane za brashi. Nilipojumlisha kusoma ujumbe wa mteja, kuchambua picha zake, skechi, kupiga picha kazi iliyokamilika, kufunga na kwenda kutuma, zikaongezeka saa saba. Saa saba nzima nilizokuwa nikiziuza bure. Bei yangu ya zamani ilikuwa imehesabu kanvasi na rangi, ikawa kama vile mimi mwenyewe sipo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua malipo ya saa ambayo ungeridhika nayo kama ungeajiriwa na mtu wa haki. Zidisha kwa saa zote, na namaanisha zote. Ongeza vifaa, kodi, ada za kupokea malipo, na sehemu ya vitu vinavyochakaa kama brashi na taa. Kisha igeuze kuwa jedwali la ukubwa na idadi ya vichwa, ili mteja akiuliza unamtumia jedwali, hutaji bei kwa mdomo. Yule anayetetemeka hulindwa na karatasi.

Mbwa wa pili kwenye picha hiyo hiyo siyo nyongeza ndogo. Uso ni uso, na juu ya hapo lazima uwakutanishe wawili waliopigwa picha siku tofauti kwa mwanga tofauti. Natoza karibu sawa na wa kwanza.

Nusu ya malipo inalipwa kabla sijaanza, nusu kabla kazi haijatoka mkononi mwangu. Hii nusu ya kwanza inabaki kwangu mteja akighairi baada ya kuikubali skechi, na imeandikwa hivyo kwenye makubaliano. Makubaliano yenyewe ni ukurasa mmoja wa lugha nyepesi.

Kwa ndugu na marafiki sishushi bei. Ama wanalipa kama wengine, ama nawachorea kama zawadi kamili, kwa moyo mmoja. Bei ya nusu imenivunjia urafiki mmoja ninaoukumbuka hadi leo, kwa sababu yeye aliona amenilipa na mimi niliona nimemsaidia.

MtaaWaTatu #6

Mwanzisha uzi nakuheshimu, lakini niulize swali gumu. Sasa hivi kuna programu za akili mnemba, mtu anaweka picha ya mbwa wake anapata "mchoro wa mafuta" ndani ya sekunde. Kuna haja gani ya kuwashauri vijana waingie kwenye kazi inayokufa?

BrashiMkononi #7

Swali la haki, MtaaWaTatu, na sitalikwepa.

Kwangu mimi oda za haraka haraka, zile za mtu anayetaka kitu cha kuchekesha ukutani, zimepungua kweli. Aliyekuwa na haja ya sura ya mbwa yeyote mwenye kofia ya jenerali amepata pa kwenda. Sikuwahi kuzipenda sana, nakiri.

Zilizobaki ni za watu wa lile sikio. Programu nayo hunyoosha masikio. Hufanya kosa langu la mwaka wa kwanza, inamrudisha mbwa kwenye wastani wa mbwa, inamfanya mzuri. Na haimuulizi mteja masikio yanakaaje mlango ukifunguliwa.

Tazama pia historia. Mwaka 1836 mama yake Victoria, huyo aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, aliagiza picha ya Dash, mbwa aina ya spanieli wa binti yake, kutoka kwa mchoraji Edwin Landseer. Miaka michache tu baadaye, 1839, upigaji picha ukatangazwa hadharani. Kama kamera ingeua kazi hii, ingekuwa imeshaiua zamani. Badala yake, mwaka 1976 Andy Warhol, msanii wa Marekani aliyejengea jina lake juu ya picha za kamera na mashine, alikuwa bado anachukua oda za mbwa. Picha yake ya Maurice, mbwa aina ya Dachshund (wale wa mwili mrefu na miguu mifupi), ipo hadi leo kwenye mkusanyo wa taifa wa Scotland. Mchoraji Mwingereza David Hockney naye katika miaka ya tisini alikuwa akiweka kanvasi na palete (ubao wa kuchanganyia rangi) tayari sehemu mbalimbali za nyumba ili awawahi Dachshund wake wawili, Stanley na Boodgie, kabla hawajaamka wakaondoka. Hakulipwa na mtu kwa hilo. Aliwapenda tu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza aingie au asiingie, namuuliza kama yuko tayari kusikiliza watu. Kuchora tu hakutoshi tena, hapo umesema kweli.

DadaWaRangi #8

Habari za uzi jamani. Mimi nachora paka na mbwa, mwaka wa pili. Nina jambo limenikwamisha wiki hii. Mteja ameniletea picha nzuri mno ya mbwa wake, lakini kwa chini kuna jina la studio iliyoipiga. Anasema aliilipia, kwa hiyo ni yake. Niichore?

BrashiMkononi #9

Dada, simama hapo kwanza.

Kulipia kupigwa picha na kumiliki haki ya picha ni vitu viwili. Sehemu nyingi haki inabaki kwa mpigaji isipokuwa wameandikiana vinginevyo, na mchoro unaoifuata picha hiyo mkao kwa mkao ni nakala ya kazi yake hata kama umetumia brashi.

Kuna kesi maarufu na bahati nzuri inahusu mbwa. Mpiga picha Art Rogers alikuwa na picha ya nyeusi na nyeupe ya mume na mke wamekaa benchi, wamepakata safu ya watoto wa mbwa. Msanii Jeff Koons akaikuta kwenye kadi, akaipeleka karakana ichongwe kama ilivyo, akaipaka rangi, akaiuza ghali. Alijitetea kwamba ni kejeli ya kisanii. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani iliyoko New York ilimkatalia. Kubadilisha karatasi kuwa mbao na kutia rangi hakukumwokoa.

Lakini usimfukuze mteja. Mwambie awaandikie studio aombe ruhusa, au waandikie wewe. Mara zote nilizoomba kwa adabu, nikaeleza kuwa ni picha moja kwa familia, nimekubaliwa, na mara mbili wapiga picha hao hao wameniletea wateja. Wakikataa, itumie kwa kuangalia rangi na alama za mbwa tu, na mkao uutoe kwenye picha za simu za mteja mwenyewe.

Na haki ya mchoro wako iandike pia. Kwenye makubaliano yangu mteja anamiliki picha iliyo ukutani, mimi nabaki na haki ya kuitoa nakala na kuionyesha kwenye kurasa zangu. Picha za kumbukumbu ya marehemu namwomba ruhusa kabla ya kuzionyesha hata kama karatasi inaniruhusu. Wengine hawataki, na sibishani nao.

DadaWaRangi #10

Asante sana kaka, umeniokoa. Nimeshawaandikia studio.

Na niongeze kidogo kwa faida ya wengine: mimi nimeumizwa na marekebisho yasiyoisha. Mteja mmoja alinirudisha mara tisa. Pua iwe ndogo, sasa iwe kubwa, sasa mandhari iwe kijani. Nilimaliza nikiwa simpendi yule mbwa.

BrashiMkononi #11

Pole sana dada. Hilo hutibiwa mwanzoni. Mimi nina vituo viwili tu: skechi, na picha ikiwa imefika kama robo tatu. Kwenye skechi mteja abadilishe anachotaka, ni penseli, haiumi. Kwenye robo tatu nauliza swali moja, "Ni yeye?" Akisema ndiyo, nakamilisha. Akisema hapana, namwomba anionyeshe kwenye picha alizotuma ni wapi tumepishana, na hapo tunazungumzia mbwa badala ya ladha. Mandhari tunakubaliana kwenye skechi na hairudiwi bila malipo.

Tahadhari nyingine ambayo nusura niisahau, ya zawadi za siri. Mtu anataka kumshtukiza rafiki yake kwa picha ya mbwa wake. Nia njema kabisa, lakini anayeagiza hamjui mbwa. Anazo picha nne alizochomoa mtandaoni, na mwenye mbwa ndiye atakayekuja kukuambia si yeye. Siku hizi namuuzia kadi ya zawadi. Anampa mwenye mbwa kadi, kisha mwenye mbwa anazungumza nami mwenyewe. Mshtuko unabaki na kazi inakuwa ya kweli.

Penseli_HB #12

Na kusafirisha? Nimepata oda ya mbali, naogopa.

BrashiMkononi #13

Fupi: akriliki usiifunge moja kwa moja kwenye plastiki ya viputo. Inabaki na ulaini fulani, kwenye joto viputo vinachapa madoa ya duara usoni mwa mbwa. Tanguliza karatasi laini isiyonata, kisha kadibodi ngumu pande zote mbili iliyo pana kuliko fremu, kisha viputo, kisha boksi. Kioo kama kipo, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwa umbo la msalaba ili kikivunjika kisichane kazi. Picha ya mafuta isiyokauka haitoki nyumbani. Piga picha kila hatua ya kufunga, na kata bima.

KanvasiTupu #14

Mkuu, wale wanaoleta mbwa waliokufa unazungumza nao vipi? Mimi nilipata mmoja akaanza kulia kwenye simu, nikabaki sina la kusema.

BrashiMkononi #15

Huhitaji la kusema, ndugu yangu. Nyamaza naye.

Kwangu hao ni zaidi ya nusu ya wateja. Nimejifunza kutokuharakisha. Simtumii jedwali la bei kwenye ujumbe wa kwanza. Nauliza jina la mbwa, na kuanzia hapo natumia jina hilo, siandiki "mbwa wako" tena. Wengi wameshaambiwa na watu wa karibu "ni mbwa tu, chukua mwingine." Mtu wa namna hiyo akikutana na mchoraji anayeuliza kama doa la shavuni lilikuwa upande wa kulia au wa kushoto, anapumua.

Ila usiahidi kwamba picha itamaliza huzuni, na usimpe tarehe ya karibu kwa sababu tu unamhurumia. Kuna mmoja aliniomba nisimpelekee picha hadi atakaponiambia. Ilikaa kwangu miezi mitano, imegeukia ukuta ili vumbi lisiipate. Siku alipoandika "sasa naweza", niliituma asubuhi iliyofuata.

Msomaji_Kimya #16

Nimesoma uzi wote tangu jana, sikuwa na mpango wa kuandika. Mimi si mchoraji. Mbwa wangu ana miaka kumi na minne na wiki hii daktari wa mifugo ameniambia figo zimechoka. Nimefungua simu yangu kutafuta picha zake. Zipo nyingi, lakini zote anakimbia, au ni mgongo, au kuna watu mbele yake. Hakuna hata moja ya uso wake. Nifanye nini? Bado anasimama, bado anakula kidogo.

BrashiMkononi #17

Pole ndugu yangu. Uko ndani ya wakati, kwa hiyo tufanye sasa.

Muache alipozoea kulala, usimhamishe. Kama kuna dirisha, fungua pazia. Kaa chini sakafuni naye, simu iwe usawa wa macho yake, mbali naye kama urefu wa mkono na nusu au zaidi, uvute kwa lenzi. Flashi izime. Usimwite kwanza, piga akiwa ametulia hivyo hivyo. Kisha mtu mwingine asimame nyuma yako aseme lile neno linalomfanya ainue masikio, unalijua. Piga mfululizo.

Halafu mpige kwa vipande: kila sikio peke yake, pua kwa mbele na kwa ubavu, miguu ya mbele, baka lolote, mvi zake, mahali manyoya yalipobadilisha mwelekeo. Video moja ya dakika moja akipumua tu. Mwisho mpe mtu simu akupige wewe na yeye, mkono wako ukiwa pale unapomshika siku zote.

Sikuombi uniletee oda. Ziweke tu, na nakala moja iweke mahali pengine nje ya simu.

Msomaji_Kimya #18

Nimekaa naye sakafuni tangu saa kumi na moja. Nimepiga sitini na mbili. Sikujua kwamba ana nywele tatu nyeupe ndefu juu ya jicho la kulia. Neno lake ni "twende". Nililisema mwenyewe, akainua sikio moja.

BrashiMkononi #19

Lipi?

Msomaji_Kimya #20

La kushoto.